Nakunywa protini nipungue, mizani ndiyo kwanza inapanda

Bi Mshauri, asalaam alaykum na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Chake Chake, umri wangu ni miaka 36 na nina watoto watatu, mdogo wao yuko chekechea. Urefu wangu ni sentimita 158, na mara ya mwisho mizani ya kituo cha afya ilinisoma kilo 83. Nilipoolewa nilikuwa na kilo 56. Sitaki kurudi huko, najua umri umekwenda, ila nikipanda ngazi za skuli nahema mbele ya wanafunzi na magoti yananiuma.

Baada ya Ramadhani nimejiunga na kikundi cha mazoezi cha kina mama. Siku nne kwa wiki tunatoka tukishasali alfajiri, tunatembea kwa kasi hadi Gombani na kurudi, kama saa nzima hivi. Soda yangu ya saa nne nimeacha, na sukari ya kwenye chai nimepunguza.

Wifi yangu anayeishi Maskati alikuja kwa Sikukuu Ndogo, akaniletea kopo kubwa la unga wa protini. Alinambia huko kila anayetaka kupungua anakunywa, na kwamba unga huo unayeyusha mafuta ukabakisha misuli tu. Lebo nimeisoma: kijiko kimoja gramu 33, ndani yake protini gramu 24, kalori 130. Nakunywa mara mbili kwa siku. Asubuhi nikirudi mazoezini natia kijiko kimoja kwenye gilasi ya maziwa, tena haraka, maana wifi amesema nusu saa ikipita ni kazi bure. Kisha naoga, nakunywa chai na maandazi yangu mawili kama siku zote, naingia kazini. Baada ya Magharibi nasaga kijiko cha pili kwa maziwa, ndizi mbivu moja, tende nne na kijiko kikubwa cha asali, ili ile ladha yake ya unga ipotee. Cha usiku nakula na familia: wali na samaki wa nazi, siku nyengine chapati na maharage.

Matokeo yake, mwezi wa pili sasa, nimeongezeka kilo 2. Tumbo linajaa gesi mpaka naona haya darasani. Mume wangu ananicheka, ati nitaota ndevu. Mama yangu, ambaye ana sukari na presha, anasema kopo hili litanimaliza figo. Wifi naye kila akipiga simu swali la kwanza ni "unakunywa?", nikimweleza habari ya mizani anasema nisubiri, hizo kilo 2 ni misuli.

Ni misuli kweli? Niendelee au niache? Na nikiacha, wifi nimwambie nini, maana kopo limebaki zaidi ya nusu na mwenyewe kalibeba kwenye sanduku lake kunitakia mema?

Mwalimu, Chake Chake

*

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu.

Umenisaidia kwa kunakili lebo. Wengi huniandikia "nakunywa protini" basi, nikabaki kubahatisha. Kwa ulichonakili, unga wako ni wa kawaida na hauna ubaya. Yapo makopo yanayofanana nalo yaliyoandikwa "mass" au "gainer" kwa herufi kubwa, na hayo yametengenezwa kwa watu wembamba wanaotaka kunenepa. Kipimo kimoja cha baadhi yake kinapita kalori 1,000, nyingi zikiwa za wanga na sukari. Nimewaona wanawake wakinunua hayo kwa nia ya kupungua kwa sababu tu kwenye picha kuna mtu mwenye kifua kipana. Wewe hukufika huko.

Tuhesabu basi, wewe ni mwalimu. Gilasi ya asubuhi: unga kalori 130, maziwa yasiyotolewa mafuta mililita 250 kama 150. Hapo 280. Gilasi ya jioni: unga 130, maziwa 150, ndizi ya wastani kama 100, tende nne ndogo kama 90, kijiko kikubwa cha asali 60. Hapo 530. Kwa siku ni kalori 810, na zote umeziweka juu ya chai, maandazi, chakula cha mchana na cha usiku ambavyo havikupungua hata kimoja. Kwa wiki zinapita 5,600.

Upande wa pili: mtu wa uzito wako akitembea kwa kasi saa nzima hutumia kalori kama 300 hadi 400. Mara nne kwa wiki, tuseme 1,400. Soda uliyoacha ilikuwa na kalori kama 130, nayo ni hatua nzuri wala usiirudie, lakini haifiki hata robo ya kinachoingia kwa gilasi hizo mbili. Mimi nilichoshangaa ni kuona umeongezeka kilo 2 tu. Huenda gilasi ya jioni inakushibisha, ukapunguza wali bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo, je, ni misuli? Sidhani. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, kwa presha na kwa usingizi, ila hakujengi kilo 2 za misuli kwa miezi miwili, na misuli ya mwanamke hujengeka taratibu hata kwa anayenyanyua vyuma. Sehemu inaweza kuwa maji tu, maana mwili wa mwanamke hushika na kuachia maji kwa siku zake za mwezi na kwa chumvi anayokula. Kama unataka jawabu la uhakika zaidi kuliko mizani, chukua tepu ya fundi cherehani, jipime kiuno asubuhi kabla hujala, usawa wa kati ya mbavu za chini na nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa hatari ya maradhi huanza kupanda kiuno kikipita sentimita 80, na inakuwa kubwa kikipita 88. Andika namba, rudia kila baada ya wiki mbili. Dera usilitumie kama kipimo. Dera halijawahi kumwambia mtu ukweli.

Sasa hilo la kuyeyusha mafuta. Hakuna unga, chai, siki wala ndimu inayoyeyusha mafuta ya mwilini. Mafuta hupungua pale mwili unapopokea nishati kidogo kuliko unayotumia, siku baada ya siku, ukalazimika kwenda kuchukua akiba yake. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori karibu 7,700, ndiyo maana haiondoki kwa wiki moja. Protini yenyewe ina kalori 4 kwa kila gramu, sawa na wanga. Ukiizidisha inahesabiwa kama chakula chengine chochote.

Hata hivyo wifi yako hakukosea kila kitu. Mtu anayepungua bila kula protini ya kutosha, na bila kuitumia misuli yake, hupoteza misuli pamoja na mafuta. Anakuwa mwembamba lakini dhaifu, na uzito humrudia upesi. Protini huilinda misuli. Pia hushibisha kwa muda mrefu kuliko wanga, na mwili hutumia nguvu nyingi kuisaga: katika kila kalori 100 za protini, 20 hadi 30 huishia kwenye kazi ya kusaga yenyewe, wakati kwa wanga ni 5 hadi 10 na kwa mafuta hazifiki hata 5. Faida hizi ni za kweli, ila zinaonekana kwa aliyeiweka protini mahali pa kitu kingine. Wewe umeiongeza.

Kiasi gani basi? Mtu mzima wa kawaida huambiwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Anayepungua huku akifanya mazoezi hufaidika na gramu 1.2 hadi 1.6. Kwa mwenye uzito uliozidi ni bora kuhesabu kwa uzito anaoutaka kuliko alionao. Tuchukue kilo 65 kwako: ni gramu kama 80 hadi 100 kwa siku.

Na hapa Pemba, mwanangu, ukiishi kisiwani huna haja ya kuitafuta protini Maskati. Kipande cha jodari kilichopikwa, gramu 100, kina protini karibu 28. Pweza aliyechemshwa haachwi mbali, na mafuta yake ni haba mno. Changu, kibua, nguru, wote wako katika gramu 20 na kitu. Dagaa wakavu kwa uzito wao wanashinda samaki wabichi wote, kwa kuwa maji yameshatoka. Yai moja ni gramu 6. Bakuli la maharage au mbaazi zilizopikwa ni kama 15, na gilasi ya mtindi ni 8. Ukila mayai mawili asubuhi, kipande cha samaki mchana, maharage na mtindi usiku, umeshapita gramu 60 kabla hujahesabu kidogo kinachotoka kwenye wali na mkate. Kijiko kimoja cha unga wako kinakufikisha unapotaka. Cha pili hakina kazi.

Kinachotuharibia sisi samaki ni kile tunachomzungushia. Tui la kasimele, kikombe kimoja, linaweza kubeba kalori 400 hadi 500. Sisemi uache nazi, nani atakusikiliza nyumbani kwako? Pika mchuzi kwa tui jepesi siku za kawaida, kasimele ibaki ya Ijumaa au ya wageni. Samaki wa kuchoma kwa ndimu, pilipili na kitunguu thomu hana mshitaka. Chapati moja ya kusukumwa kwa mafuta hufika kalori 250 hadi 300. Kula moja, jaza nafasi iliyobaki kwa maharage na kachumbari. Wali upakue wewe mwenyewe kwenye sahani yako, usile kwenye sinia la pamoja kwa muda, maana sinia halina mpaka na mkono haujui umeshakwenda mara ngapi.

Nikuambie ningefanya nini kama kopo hilo lingekuwa kabatini kwangu. Ningelitumia, kijiko kimoja kwa siku, kwa maji baridi, asubuhi, na maandazi yangeondoka. Maandazi mawili ya sokoni huweza kufika kalori 400, na saa nne tumbo linauliza tena. Unga kwa maji, yai moja la kuchemsha na ndizi ile uliyokuwa ukiisaga jioni, hizo ni kama kalori 300 na zina protini gramu 30. Chai kunywa, ya rangi, na mdalasini na hiliki ukitaka. Ladha ya unga ikikushinda, tia mdalasini humo humo au kahawa chungu kidogo. Gilasi ya jioni futa kabisa. Ukihisi njaa baada ya Magharibi, kula cha usiku mapema. Hakuna sheria inayosema lazima kiwe saa tatu.

Hilo la nusu saa lisikukimbize. Mwili unajali zaidi jumla ya protini ya siku nzima, na kwamba imegawanywa kwa milo, kuliko dakika ulizochukua kutoka Gombani hadi jikoni. Oga kwanza.

Lakini kuna kitu kimekosekana kwenye barua yako ambacho kwangu ni kikubwa kuliko kopo. Unatembea tu. Misuli hailindwi na protini peke yake, inataka ipewe sababu ya kubaki. Mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 20 zinatosha: kaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika kitu, mara 10, pumzika, rudia, egemea ukuta kwa mikono ujisukume, beba madumu ya maji ya lita 5, moja kila mkono, tembea nayo uwani. Magoti yakiuma anza na kiti kirefu, usichuchumae chini. Wenzako wa kikundi nao wanahitaji haya, wala si lazima mwende popote, kiwanja kile kile mnachonyooshea viungo kinatosha. Ukienda hivi na chakula kikapungua kidogo, tarajia nusu kilo kwa wiki, kuna wiki hata hiyo haitaonekana. Anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi ana kitu anauza.

Gesi. Unga huo hutokana na majimaji ya maziwa yanayobaki jibini inapotengenezwa, na aina nyingi hubaki na sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wa kwetu tumbo lao haliisagi vizuri sukari hiyo. Wewe ulikuwa unaitia kwenye maziwa mengine, mara mbili kwa siku. Ukitumia maji utaona tofauti ndani ya siku chache. Ikiendelea, acha unga. Mtindi kwa kawaida hauleti shida hiyo sana kwa sababu sehemu ya sukari yake imeshaliwa wakati wa kuganda.

Mama yako msikilize, ingawa sivyo kama anavyodhani. Kwa mwenye figo nzima, kiasi nilichokutajia hakijulikani kuzidhuru. Kwa mwenye figo zilizokwisha kupata hitilafu, protini nyingi ni mzigo, na daktari humpunguzia. Shida ni kwamba figo huharibika kimya kimya, na sababu zake kubwa ni sukari na presha, ambazo kwenu zipo. Kwa hiyo nenda kapime presha, sukari, na damu ya kuangalia figo, wanaita kreatinini, pamoja na mkojo. Ulipaswa kupima hata kama wifi yako angekuletea manukato. Majibu yakiwa na kasoro, kopo lifunge mpaka daktari aseme. Na kama una mimba au unaitegemea, muulize mkunga wako kwanza.

Mumeo mwambie ndevu hazitoki kwenye maziwa. Protini ni chakula, si homoni. Kinachoweza kumwotesha mwanamke ndevu ni dawa za homoni za kiume, na ni kweli baadhi ya makopo ya mitaani duniani yamewahi kukutwa yamechanganywa na dawa ambazo lebo haikuzitaja. Ndiyo maana kopo la kununua linatakiwa liwe na kifuniko kilichozibwa, tarehe inayosomeka, na liwe limepita kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni na kijana wa jimu usiuguse. Angalia pia alama ya halali, kwa sababu jibini nyengine hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama, na hujui alichinjwa vipi. La Maskati huenda alama ipo, ligeuze nyuma utazame.

Likimalizika, mimi sikushauri ununue jengine. Bei ya kopo moja ni trei nyingi za mayai, na mayai watoto nao watakula. Unga una faida yake kwa mtu asiye na muda wa kupika, au kwa daku mwezi wa Ramadhani wakati koo halitaki chakula. Kwako wewe ni wa kukurahisishia asubuhi za kazi, si zaidi ya hapo. Lilobaki lihifadhi mahali pakavu na usichote kwa kijiko chenye maji, maana kwa unyevunyevu wetu unga hugandamana upesi. Ukianza kunuka, tupa.

Na wifi yako. Usimfiche, na usimwambie kopo lake limekunenepesha, kwa sababu si kweli: maziwa, tende na asali ulitia wewe. Akipiga simu na kukuuliza "unakunywa?", mjibu ndiyo, kijiko kimoja kwa maji badala ya maandazi, na tumbo limetulia. Hapo hujamdanganya wala hujamvunja moyo. Akikuuliza akija tena akuletee nini, mtajie viatu vizuri vya kutembelea, na umpe namba yako ya mguu kabisa.